Mabakuli Yetu Kabatini kwa Bwana Kyalo

Bakuli langu lilikuwa limepotea kwa mwaka mmoja na miezi minne, na muda wote huo nilijua lilipo. Lilikuwa juu ya kichwa changu. Mimi nakaa chini, Bwana Benard Kyalo ni mpangaji wangu wa juu, na kila nikiketi kula nilikuwa nikitazama dari na kusema moyoni: lipo hapo, vidato kumi na tisa tu vya ngazi, bakuli la marehemu mamangu, jeupe, lenye ukingo wa buluu na ua moja ubavuni, la sita katika sita. Matano ninayo mimi. Nikiyatazama hayo matano hasira zilikuwa zikinipanda hata chakula kinanishinda.

Mtu wa mbali ataniuliza, Yumna, si ungepanda ukalichukua? Huyo hajui kwetu Kibokoni. Hapa ukipika kitu kizuri unampelekea jirani, na jirani harudishi chombo kikiwa kitupu. Hata kama ni maembe mawili, hata kama ni sukari ya kikombe, atatia kitu. Na kwa kuwa chombo hakirudi kitupu, mwenyewe hawezi kukiulizia, maana kuulizia chombo ni kama kusema, mbona hujanilipa chakula changu? Bora kipotee. Mamangu angefufuka akaniona nimepiga hodi kwa mtu kuulizia bakuli, angerudi mwenyewe kaburini kwa aibu.

Basi nikanyamaza. Sikujua kwamba Mama Zakariya, wa nyumba ya mkabala, naye alikuwa amelinyamazia sinia lake, wala kwamba Eddah, fundi cherehani wa pale pembeni, amelinyamazia hotipoti lake. Kila mtu alikuwa na hasira zake na adabu zake.

Sasa huyu Kyalo ni mtu gani? Ni Mkamba wa Makueni, mrefu, mkimya, amebakisha mwaka mmoja afike hamsini. Alikuja Mombasa kijana na kwao harudi ila kwa mazishi na Krismasi. Kazi yake ni mzani. Huko Shimanzi, katika yadi moja ya makontena, lori likiingia linapanda juu ya mzani, na Kyalo anasoma uzito wake ekseli kwa ekseli, kisha anamwambia dereva: mzigo wako umeegemea nyuma, kaupange upya. Miaka ishirini na sita anawaambia watu wakapange upya, na madereva wanamchukia kwa heshima. Jioni anarudi kwa baiskeli yake, ananambia "Masalkheri, Bi Yumna," anapanda ngazi, basi. Hana kelele, hana wageni, hana harufu. Mpangaji kama huyo ungemfuga.

Na mwanamume peke yake ghorofani, sisi wanawake huku chini tunapika, harufu zote zinampandia. Utamwachaje? Ndiyo maana tulikuwa tukimpelekea. Vyombo vilipanda, vyombo havikushuka.

Siku moja, mwezi wa tatu, akasimama pale chini ya ngazi akiwa ameshika baiskeli, na badala ya kupita akabaki. Nikajua pana jambo.

"Bi Yumna," akasema, "binti yangu anakuja."

Nilijua ana binti, sikujua zaidi. Siku hiyo nikayajua yote, kwa kuwa Kyalo akianza kusema, mara moja kwa miaka minne, husema mpaka mwisho. Binti ni Beverly, ana miaka ishirini na moja. Mamake, Purity, yuko Machakos, waliachana na Kyalo mtoto akiwa darasa la pili. Beverly anamaliza chuo, amepata mafunzo ya kazini miezi mitatu katika ofisi ya mizigo hapa bandarini. Akae wapi? Rafiki yake Sheryl ana chumba Bamburi, anamngoja wagawane. Kyalo naye akasema kwa simu, kwangu kupo. Na Purity akamwambia mtoto wake maneno haya haya, maana Kyalo alinirudia kila neno kana kwamba anasoma risiti: "Babako anaishi kama mlinzi wa ghala. Hata kiti cha pili hana."

"Na ni kweli?" nikamuuliza.

"Ni kweli," akasema.

Makubaliano yalikuwa kwamba Beverly aje Jumapili, wiki mbili mbele, ale chakula cha mchana, aitazame nyumba. Ikimridhisha, atakaa na babake. Isipomridhisha, jioni hiyo hiyo atampa Sheryl jibu na kwenda zake Bamburi. "Nataka akiingia tu aone kwamba hapa pana mtu," Kyalo akanambia. Nikamwonea huruma kwelikweli. Kisha nikakumbuka bakuli langu na huruma ikapungua nusu.

Jumamosi iliyofuata likaja kabati.

Alilipata Ndia Kuu, kwa mzee mmoja muuza vitu vya kale aliyekuwa akifunga duka. Ni la msaji, lina milango miwili ya vioo, rafu nne, na miguu iliyochongwa makucha. Ni refu kumshinda Kyalo. Likaja kwa mkokoteni, likapita vichochoroni likikwaruza ukuta huku na huku, na nyuma yake msururu wa watu utadhani wanasindikiza bwana harusi. Lilipofika kwangu ngazi zikalikataa. Ngazi zangu zilijengwa na babu wa babu yangu, ambaye nasikia alikuwa mwembamba.

Hapo akatokea Fondo, mwenzake Kyalo wa kule kwenye mzani, Mchonyi mfupi mwenye sauti kubwa, amebeba begani mikanda ya kufungia mizigo. Dirisha langu la roshani likang'olewa, kwa idhini yangu, wanaume wanne wakapanda juu, na Fondo akasimama katikati ya kichochoro mikono hewani kana kwamba anashusha kontena melini.

"Pandisha! Polepole! Simama! Kulia! Kulia kwangu, si kwako!"

Kabati likaning'inia juu yetu, likibembea. Milango ikafunguka yenyewe, jua likapiga vioo, na pande kubwa la mwanga likatembea ukutani mwa Mama Zakariya, likaingia dirishani kwake, likamkuta kitandani. Akatoa kichwa nje na nywele zake wazi, akakumbuka, akakirudisha, akapiga ukelele kutoka ndani:

"Jamani, mwatuua! N'nini hicho?"

"Kabati, Mama Zakariya!" nikamjibu.

"La nani?"

"La Bwana Kyalo!"

"Kyalo yuna nini cha kutia kabatini?"

Swali la haki kabisa. Lakini kabati lilipomezwa na dirisha na wale wa juu wakapiga kelele kwamba limekaa, sote tulipiga makofi, na mimi nikapiga vigelegele. Nilipomaliza ndipo nikakumbuka kwamba nimekasirika na yule mtu.

Wiki ile sikulala mchana hata siku moja. Kyalo alikuwa amechukua likizo, na mimi huku chini nilisikia kila kitu. Hatua tatu nyuma. Kimya. Hatua tatu mbele. Chombo kinalia kwa kioo. Hatua tatu nyuma tena. Harufu ya rangi ikashuka ngazini. Nikipanda na kisingizio cha chumvi, ananifungulia mlango upana wa pua yake.

"Bado, Bi Yumna. Halijawa tayari."

"Sikuja kwa kabati, nimekuja kwa chumvi."

"Chumvi hii hapa. Lakini bado."

Siku ya Jumatano akashuka mwenyewe, ameshika futi ya utepe, usoni ana alama ya rangi, na macho yake yanang'aa ajabu.

"Bi Yumna, samahani. Msichana wa miaka ishirini na moja, macho yake huwa urefu gani kutoka chini?"

"Mato?"

"Nataka kile cha katikati akione bila kuinamisha kichwa. Akiingia mlangoni, kitu cha kwanza."

Nikamwambia mimi sijaona mtoto wako, yaweza kuwa mrefu kama wewe. Akasema picha aliyotumiwa ni ya kuketi. Basi akaniomba nisimame, akanipima kutoka sakafuni hadi kwenye jicho, mimi mwanamke wa miaka hamsini na nane, mlango wazi, Mama Zakariya anatazama kutoka ng'ambo mkono kinywani. Jioni mtaa mzima ukawa umejua kwamba Kyalo amenipima.

"Yuwataka kuoa huyo," Mama Zakariya akasema barazani. "Mwanamume hanunui kabati bure."

"Anioe mimi?" nikasema. "Ameshanipima mato tu. Hakufika mahali pengine."

Tukacheka hadi Eddah akajichoma sindano.

Yaliyokuwa yakiendelea huko juu niliyajua baadaye, kwa kinywa chake mwenyewe. Kabati lilipokaa mahali pake, Kyalo alilitazama akaona kosa lake. Alikuwa na sahani moja na sufuria mbili. Kwanza akapaka ndani ya kabati rangi ya papai lililoiva, kwa sababu ndiyo rangi aipendayo na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza anapenda rangi gani. Kisha akatafuta vitu vyake. Akatia kibuyu cha maziwa cha nyanyake na mwiko uliochongwa na babake. Akatia jiwe la shaba la mzani wa zamani. Akatia chupa kubwa aliyoijaza zile sili za plastiki za kufungia makontena, nyekundu, kijani na manjano, alizoziokota yadini miaka yote bila kujua anaziokotea nini. Akarudi nyuma hatua tatu. Vikapendeza mno. Lakini vilijaza rafu moja, na rafu ziko nne.

Ndipo akatazama katoni iliyokuwa chini ya kitanda.

Humo ndimo tulimokuwa sote. Kila chombo kimeoshwa, kimekaushwa, kimefungwa kwa gazeti. Kyalo hakuwa mwizi wala msahaulifu. Mwezi wake wa kwanza hapa, Fondo alimwonya: kwa Waswahili chombo hakirudi kitupu, ukikirudisha kitupu umewatukana. Naye kupika alijua kitu kimoja tu, muthokoi, yale mahindi ya kwao yaliyotwangwa yakatoka maganda, yakapikwa na maharagwe. Mimi nimempelekea mbaazi za nazi, yeye anijibu na mahindi? Akaona haya. Akangoja apate kitu cha maana. Akiwa bado anangoja, likaja sinia la Mama Zakariya. Na chombo kadiri kinavyokaa ndivyo kinavyodai kitu kikubwa zaidi cha kurudi nacho. Ilipotimia mwaka, bakuli langu lilikuwa limefikia mbuzi mzima.

Akajiambia, nitaviazima kwa Jumapili moja tu. Jumatatu nitavirudisha vyote, kwa lolote litakalokuwa. Akalitoa bakuli la mamangu kwenye gazeti, akaliweka rafu ya katikati, na rangi ile ya papai ikaliwasha ua lake. Kyalo anasema moyo ulimruka. Kuanzia hapo akapagawa. Akapanga kama anavyopanga lori: kizito chini, chepesi juu, kushoto kusilemee kulia. Alikuwa akishika jagi mkono huu na kawa mkono huu, amefumba macho, anapima. Sinia la Mama Zakariya akalisimamisha nyuma likawa kama mwezi. Hotipoti la Eddah, lenye maua ya waridi, lilimsumbua siku mbili nzima, kwa kuwa halikupatana na mtu, hadi alipoliweka karibu na chupa ya sili, na rangi zikaanza kuchekana. Juu kabisa akaficha taa ndogo. Ijumaa usiku akaiwasha, akaketi sakafuni, akacheka peke yake. Niliisikia hiyo cheko. Nilidhani ni redio.

Jumapili ikafika. Tulikuwa watatu barazani, mimi, Mama Zakariya, na Eddah aliyetoka kanisani na kofia yake. Tuktuk ikasimama mwisho wa kichochoro, akashuka msichana mrefu, mwembamba, ameshika mkoba kifuani kwa mikono miwili. Hakuwa na haja ya kujitaja. Miguu ilikuwa ya Kyalo.

"Habari zenu, mama zangu. Natafuta kwa Bwana Benard Kyalo."

"Karibu, mwanangu. Panda hapo juu, yuwakungoja."

Akatazama ngazi. Hakupanda. Akanitazama mimi.

"Mama, tafadhali. Hatujaonana miaka minne. Unaweza kunisindikiza? Naogopa kuingia peke yangu."

Ningefanya nini? Nikamshika mkono. Eddah akasimama, akasema twende wengi, ni heshima. Mama Zakariya hakuitwa na mtu, akatangulia.

Kyalo akafungua mlango. Shati jeupe, limepigwa pasi hadi linasimama. Akamwona bintiye, na uso wake ukafunguka namna ambayo sikujua unaweza. Kisha macho yake yakapita bega la mtoto yakatukuta sisi watatu. Sijapata kuona mtu akifurahi na kufa kwa wakati mmoja.

"Karibuni," akasema, kwa kuwa lazima aseme.

Tukaingia, na lile hapo mbele yetu, taa imewaka. Wallahi lilikuwa zuri. Nasema kama mtu aliyezaliwa kati ya makabati. Yale ya kwetu tunajaza vikombe kama duka, hata mlango haufungiki. Hili lilikuwa na nafasi ndani yake, kila kitu kimepewa hewa yake, na ile rangi ya papai nyuma ikivipasha vitu vyote joto. Nikasimama nikilisifu kimoyomoyo. Halafu, sawasawa na urefu wa jicho langu, nikaliona bakuli la mamangu.

Nikaangalia pembeni. Mama Zakariya amekaza macho kwenye sinia, mashavu yamejaa pumzi. Eddah anatazama hotipoti lake amevua kofia. Tuseme nini? Adabu ilikuwa imetufunga sote watatu.

Beverly akasogea. Hakutazama viti wala dari. Akaweka kidole kwenye kioo, mbele ya bakuli langu.

"Baba," akasema, na sauti yake ilikuwa na mshangao wa kweli. "Hivi vyote ni vyako?"

Hapo ndipo mambo yote yalipokuwa. Kyalo alihitaji neno moja, na neno hilo likitoka, mtoto anabaki. Na mimi nilijua, na yeye alijua, kwamba sisi watatu hatutamuumbua mwanamume mbele ya bintiye. Tungelinyamaza, tungelisema mashallah, tungeliteremka ngazi, na bakuli la mamangu lingekuwa la Kyalo hadi kiyama. Nikashika ukingo wa meza. Nilikuwa tayari kulipoteza, nasema kweli, nilikuwa tayari.

"Hapana," Kyalo akasema. "Kibuyu ni changu, na ule mwiko, na yale mambo ya plastiki. Vyombo hakuna hata kimoja changu."

Beverly akageuka.

"Hilo bakuli ni la Bi Yumna hapa. Lilikuja na mbaazi za nazi. Nilikuwa na malaria, hata kusimama siwezi, akaliweka mlangoni akagonga akaondoka. Lile sinia ni la Mama Zakariya, lilikuja na biriani ya Idi. Hilo kawa lilikuwa limefunika mkate wa sinia, nikaula wote usiku ule ule. Hotipoti ni la Eddah. Samaki wa kupaka. Ilikuwa siku ya kuzaliwa kwako, sikumwambia mtu, lakini siku hiyo ndiyo alileta." Akaendelea hivyo, rafu kwa rafu, jagi, vibakuli vya kachumbari, sahani ya kaimati, na hakukosea mwenyewe hata mmoja wala chakula hata kimoja. Jasho lilikuwa likimtiririka. "Nilikuwa sijui niwarudishie nini. Nikaona haya. Halafu ukasema unakuja, na kabati lilikuwa tupu."

Nikasikia sauti kama ya birika linaloanza kuchemka. Ilikuwa ni Beverly, amejiziba mdomo kwa mkoba. Cheko ikamtoka puani kwanza, halafu ikamtoka yote, akainama akashika magoti. Eddah akafuata. Na Mama Zakariya, aliyekuwa amebana pumzi tangu mlangoni, akapasuka:

"Sinia langu! Mwaka mzima nampa lawama mkaza mwanangu! Nimemnunia yule mwanamke hadi amehamia Likoni!"

Nilicheka hadi machozi yakanishuka shingoni. Nilikuwa nikijaribu kukasirika, maana hasira nilizitunza muda mrefu na nilizipenda, lakini kila nikizitafuta nakutana na Kyalo amesimama mbele ya lile kabati na taa yake, na naanza tena. Mwisho hata yeye akacheka, kwa woga, jino moja moja.

"Basi leo zombo zarudi," nikasema nilipopata pumzi. "Na hazirudi tupu. Jikoni pana nini?"

"Muthokoi," Kyalo akasema, akainamisha kichwa.

"Lete tuonje."

Akaleta kwa mwiko. Nikaonja. Nikaonja tena. Mara ya tatu nikamwambia umekosa nazi, lakini mwenye kosa ni nazi. Mama Zakariya naye alikuwa ameshaketi na sahani.

Tukafungua kabati. Kyalo aligeuza uso alipoona mikono yetu inaingia humo ndani. Sufuria ilikuwa kubwa, ya kupikia watu wa yadi, na chombo kimoja kimoja kikajaa. Beverly akajifunga leso yangu kiunoni, akachukua chombo cha kwanza.

"Nipelekeni," akasema. "Nataka kuwajua wenyewe wote."

Wakaenda, yeye na Eddah na Mama Zakariya, na nyumba ikawa kimya. Mimi nilishuka na bakuli langu, nikamimina muthokoi wake sufuriani, nikaliosha, nikaliweka na yale matano. Nikayatazama sita yale. Kisha nikasikia kwamba huko juu hakuna hatua hata moja, si mbele wala nyuma, nikapanda.

Kyalo alikuwa ameketi akilikabili kabati. Limebaki kibuyu, mwiko, jiwe na chupa ya sili.

"Nimemwonyesha kabati tupu, Bi Yumna."

"Acha upuuzi."

"Saa mbili zimepita tangu aende. Hajala. Basi za Bamburi ziko pale juu barabarani tu." Akakunja mikono yake mikubwa katikati ya magoti. "Ningesema ni vyangu."

Na mimi nilikuwa nimeanza kuogopa. Adhana ya alasiri ikapigwa. Ndipo tukasikia vishindo ngazini, na mlango ukasukumwa kwa mguu. Beverly aliingia kichwa wazi, leso imelowa mchuzi, mikononi sinia la Mama Zakariya limerudi limejaa mahamri na viazi vya karai, na juu yake vibakuli viwili, na chini ya kwapa hotipoti la waridi. Simu ilikuwa kati ya sikio na bega.

"Mama, sikusikii, hapa kuna kelele. Nasema mwambie Sheryl chumba ampe mtu mwingine. Ndiyo. Ndiyo, kwa Baba. Mama, siwezi kukueleza, nimekula nyumba saba na Jumanne nafundishwa kupika mahamri." Akatusogezea sinia, pumzi zinampanda. "Baba, nishike hili. Nisaidie, linanichoma! Wamekataa nirudi mikono mitupu."

Kyalo akalipokea. Alishika lile sinia la moto kwa mikono mitupu na hakulisikia.

Tangu siku hiyo vyombo havikai. Vinapanda vimejaa, vinashuka vimejaa, mtaa mzima unakula muthokoi, na mkaza mwana wa Mama Zakariya amerudi kutoka Likoni baada ya kuombwa radhi mbele ya watu. Beverly alileta mizigo yake Jumanne. Alhamisi Kyalo akanigongea mlango, na yale macho yake ya ile wiki ya futi.

"Bi Yumna, njoo. Njoo uone kabati."

Nikapanda. Nikaliona. Rafu ya juu, chupa tatu za mafuta ya nywele, moja haina kifuniko. Rafu ya pili, chaja, waya umejisokota kama utumbo, na kidubu cha manyoya chenye jicho moja. Ya tatu, kofia ya manjano ya bandarini, kichwa chini, ndani yake soksi. Na pale katikati, pale palipopimwa kwa jicho langu, raba nyeupe pea moja na kitana chenye nywele zake.

"Amepanga mwenyewe," Kyalo akaninong'oneza, maana mtoto alikuwa amelala chumbani. "Mimi sijagusa kitu. Nimepangusa vumbi tu." Akanyoosha mkono, akaiwasha ile taa ndogo ya juu, mwanga ukashuka juu ya soksi. "Unaonaje?"

Nikamwambia limependeza. Tukasimama pale, mimi na yeye, tukikitazama kitana cha yule msichana hadi ugali ukaanza kuungua jikoni.